Mkopeshaji wa Vyura

Ninayoyasimulia hapa ni kweli tupu, hayana chumvi wala maji. Naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki, na naapa tena kwa yale ya bandia, ambayo yamenigharimu zaidi. Duka langu la miavuli, kabla sijamwachia mwanangu, lilitazamana na duka la vitabu la mtaa wetu wa Koenji, na macho yangu hayajawahi kustaafu. Yeyote atakayenishika na uongo, hata mmoja mdogo kama kiroboto, nitamnunulia samaki mkunga wa kuchoma juu ya wali, bakuli kubwa, na supu ya maini yake pembeni. Yeye na wote waliokaa naye benchi hili la hamamu, bafu la maji ya moto la mtaa wetu.

Tena sina upande. Mimi katuni sisomi. Sijawahi kufungua hata ukurasa mmoja.

Basi ilikuwa Jumamosi ya msimu wa mvua. Watu walimwagika kutoka stesheni kama maharage kwenye gunia lililotoboka, wakikimbilia chini ya paa la barabara yetu ya maduka, na duka la vitabu likajaa harufu ya makoti mabichi na karatasi mpya. Katikati ya msongamano huo alipenya kijana mmoja mrefu, ovaroli ya kijivu, mkanda wa vifaa kiunoni ukilia njege njege kila akipiga hatua. Huyo ni Shunpei Kuwabara, fundi wa lifti. Mpole kupindukia, ni mtu wa kumwomba radhi mlango akigonga goti.

Shunpei alikwenda moja kwa moja nyuma kabisa, rafu ya chini, karibu na mabomba. Akachuchumaa. Akachomoa nakala tatu za kitabu chenye picha ya chura aliyevaa kofia, akazificha kifuani, akarudi mbele kama paka aliyeiba dagaa. Akaziweka juu ya meza ya kwanza mlangoni, palepale juu ya kitabu kilichokuwa kikiuzwa kuliko vyote nchini.

"Hapo hapo, kaka. Usitikisike."

Akaganda. Nyuma yake alisimama msichana wa aproni ya kijani, mikono kiunoni, nywele kazifunga juu na kuzichoma penseli kama kijiti cha mishikaki. Kibao kifuani kiliandikwa Takehara. Jina lake la nyumbani ni Kozue, na nawaambia, macho yale yangeweza kukausha mwavuli.

"Kumbe ni wewe," Kozue alisema.

"Mimi... nilikuwa natazama tu."

"Unatazama kwa mikono miwili? Kila Jumamosi vyura hawa nawaacha kule nyuma, nikigeuka wamekaa meza ya wakubwa. Wenzangu wameshamwaga chumvi mlangoni kufukuza mzimu!"

"Samahani sana." Aliinama mpaka bisibisi ikamdondoka mfukoni.

Kozue akaiokota, akakishika na kitabu. *Stesheni ya Vyura*, juzuu la kwanza. Akakigeuza nyuma na mbele. Ndipo akafanya kosa ambalo halipaswi kufanywa mbele ya mpenzi wa katuni isiyojulikana. Aliuliza, "Kwani kina nini hiki?"

Uso wa Shunpei ukawaka taa.

"Kuna mama, ni mkuu wa stesheni moja huko milimani. Reli yenyewe ilishang'olewa zamani. Abiria wake ni vyura. Wanakuja mmoja mmoja kuomba tiketi ya kwenda baharini."

"Halafu?"

"Anawakatia."

"Halafu?"

"Halafu wanasubiri treni."

"Reli si imeng'olewa?"

"Ndiyo."

"Kaka yangu, na bado unashangaa kwa nini hakiuzwi!"

"Vumilia mpaka mwisho wa juzuu la pili!" Shunpei alisahau kwamba yuko dukani, mama mmoja akageuka na mtoto wake. "Kila mtu anaishia la kwanza. Ukifika mwisho wa la pili, utalia. Nakuhakikishia."

"Nisipolia?"

"Nitakutengenezea lifti yako bure."

"Naishi ghorofa ya chini."

"Basi nitakununulia tambi."

"Na nikilia?"

"Nitakununulia tambi vilevile."

Kozue aliuma mdomo asicheke mbele ya wateja. Shunpei akafungua begi, akatoa juzuu la kwanza na la pili, yamevalishwa jalada la nailoni, safi kama sahani za mgahawa.

"Shika hizi. Ni nakala zangu za kuazima."

"Za kuazima?"

"Kila juzuu nanunua tatu. Moja ya kusoma, moja ya kutunza isiguswe hata na vumbi, na moja ya kuazima marafiki."

"Tatu! Una mke?"

"Sina."

"Sishangai," Kozue alisema. Lakini vitabu alivichukua.

Siku chache baadaye, saa ya chakula cha mchana, Shunpei alikuwa amesimama juu ya paa la lifti katika jengo la bima, mafuta mpaka kwenye viwiko. Chini yake mwenzake Gonda, jitu la mtu lenye roho ya kifaranga, alikuwa ameshika tochi. Simu ikalia.

"Umenifanya nini wewe!" ilikuwa sauti ya Kozue, pua zimeziba. "Nimekisoma hapa chumba cha mapumziko. Yule chura mdogo karudi... karudi stesheni..."

"Miguuni ana nini?" Shunpei aliuliza polepole.

"Mchanga! Mchanga wa bahari! Alifika! Reli hakuna, lakini alifika!" Akapenga kamasi. "Meneja kanikuta nalia. Kanipa ruhusa ya nusu siku, anadhani nimefiwa."

Shunpei alikaa juu ya mota ya lifti kama mtu aliyepewa kiti cha enzi. Kwa miaka miwili alikuwa amewahubiria watu kitabu kile, nao walitingisha kichwa kwa adabu. Huyu ndiye wa kwanza kulia mahali palepale alipolia yeye.

"Dada Kozue," alisema, "ninakudai tambi."

"Mimi ndiye ninayekudai, mjinga wewe. Jumatano nafunga mapema."

Gonda alimulika tochi juu. "Nani huyo?"

"Hakuna."

"Hakuna ndiyo imekufanya ukalie mota yenye grisi?"

Jumatano Kozue alikuja bila aproni, gauni la bluu lenye madoadoa meupe kama theluji inayoanza kudondoka, nywele zimeachiwa mabegani. Shunpei alivaa shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Walikaa kwenye stuli za mgahawa mdogo, mvuke wa mchuzi ukiwapanda usoni, na kwa muda mrefu hawakuongea jambo lolote isipokuwa vyura.

"Una penseli sikioni," Shunpei alisema hatimaye.

"Ni pambo."

"Limekupendeza."

"Kula tambi zako, zinavimba," alisema Kozue, ila masikio yake yalikuwa mekundu kuliko plamu ya achari.

Tangu jioni ile wakawa kidole na pete. Simu asubuhi, simu mchana. "Umekula, mkuu wa stesheni?" "Nimekula, chura wangu." Mimi niliwaona wakipita chini ya mwavuli mmoja ilhali wana miwili mkononi, na kwa mwuza miavuli hiyo ni dalili ambayo haikosei.

Kisha likaja neno zito. Kozue alimweleza huku akikunjakunja kitambaa cha mkono.

"Mtu wa mchapishaji alipita dukani leo. Juzuu la tatu linatoka mwezi ujao. Wataangalia mauzo ya wiki za mwanzo. Lisipotembea, la nne halitakuwepo. Mchoraji ataambiwa afunge."

"Afunge wapi? Vyura bado wamekaa kwenye benchi!"

"Ndiyo hivyo. Wataachwa hapo hapo."

Shunpei hakumaliza tambi zake. Kozue akamshika mkono.

"Nimezungumza na Meneja Murai. Nimeomba nakala ishirini na meza ya mbele."

"Kakubali?"

"Kasema meza ya mbele ni kama kiti kwenye treni ya asubuhi, na anayekalia asiyestahili anatazamwa vibaya. Nikikosea, nisimwombe tena kupendekeza kitabu chochote. Shunpei, mimi niliingia kazi ile kwa ajili hiyo tu. Kupanga vitabu hata mashine inaweza."

Akaandika kadi ya sifa kwa mkono wake, kama wauza vitabu wetu wanavyofanya, akamchora na chura pembeni: *Mwanzoni utasinzia. Vumilia. Mwishoni utalia. Nauli ni ndogo. Takehara, kaunta ya pili.*

Na Shunpei je? Akasema naye hatakaa bure. Juzuu la tatu lilipotoka alilinunua kwa wingi siku ya kwanza, mbali na hapa, kwenye duka lililo karibu na kazini kwake, ili asimalize zile ishirini za Kozue, kisha akaanza kuyaazima yote matatu kama mwenye wazimu. Alimwazima Gonda. Alimwazima kinyozi, daktari wa meno, mama mwenye nyumba, mwangalizi wa hamamu hili. Alimwazima mzee mmoja mstaafu, mtu mtanashati sana, ambaye jina lake nalihifadhi. Watu wakasoma kwa zamu, mmoja akimaliza anampa jirani. Wakalia kwenye maji ya moto mpaka vioo vikazidi ukungu.

Sasa, mnajua kwetu hapa mtu haazimi kitu akakirudisha mikono mitupu. Ni aibu. Basi kila kitabu kilirudi na shukrani yake: keki za maharage matamu, biskuti za mchele, machungwa, taulo za uso. Yule mzee mtanashati alirudisha na figili nene kama paja la mwanamieleka. Chumba cha Shunpei kikawa kama kioski.

"Mpenzi, wote wanakipenda!" alimwambia Kozue kwenye simu, mdomo umejaa keki. "Mtaa mzima unalia!"

"Kweli?" Kozue alisema polepole. "Mbona hapa mezani hawalii?"

Maana zile ishirini zilikuwa kama hazijapungua. Mbili tu zilikwenda, na moja ilirudishwa. Mnunuzi alidhani ni kitabu cha ufugaji.

Kozue alisimama pale siku baada ya siku akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Kisha akaja kinyozi, akaisoma kadi, akacheka kwa furaha. "Aa, hiki! Kitamu sana. Nimeshasoma. Kuna fundi mmoja wa lifti kaniazima." Akanunua gazeti la mbio za farasi akaenda. Akaja daktari wa meno. "Hiki? Nimeshasoma, binti. Fundi wa lifti." Akaja mama mwenye nyumba. Alipofika wa saba, Kozue alikuwa tayari analitamka naye jibu lile kwa pamoja.

Alhamisi Meneja Murai alikuja, akaitazama meza, akapangusa miwani. "Takehara, kesho asubuhi gari la msambazaji linapita. Rudisha hizi."

"Meneja, siku chache tu—"

"Rudisha. Nilikusikiliza, sasa nisikilize."

Jioni ile Shunpei alipita akiwa na boksi la keki alilotaka kumpa, akachungulia kioo. Akamwona Kozue amepiga magoti, anapanga vyura wake kwenye katoni, mmoja baada ya mwingine. Meza ya mbele imeshafutwa. Damu ikampanda, yeye asiyewahi kumpandishia sauti hata mbu.

"Na wewe?" alisema mlangoni. "Na wewe unaifunga stesheni?"

Kozue alishtuka, akaifunika katoni kwa mikono miwili. "Shunpei, ngoja nikueleze, sio kama—"

"Nilidhani wewe uliwaelewa. Kumbe ulilia kwa mafua tu!"

Maneno hayo yalimpiga Kozue usoni kama maji ya barafu. Akasimama.

"Unajua nani anaifunga stesheni? Unajua? Kila anayeshika kitabu hiki ananiambia nimeshasoma, kuna fundi wa lifti kaniazima! Mtaa mzima! Wangapi wangenunua, Shunpei? Wewe umewapa wote bure, halafu unakula keki zao! Mchoraji atakula keki gani?"

Shunpei alilitazama boksi la keki mkononi.

"Nenda," Kozue alisema, sauti imekatika. "Na usinipigie."

Alikwenda. Boksi la keki alilisahau juu ya stendi ya miavuli. Alipiga simu mara kadhaa usiku na asubuhi. Ikaita, ikaita, ikazimwa. Akakaa sakafuni katikati ya machungwa na taulo, na kila boksi lilikuwa kama linamnyooshea kidole. Alikipenda kitabu kuliko mtu yeyote, na kwa mapenzi yake mwenyewe alikuwa amekikaba koo. Na yule mmoja aliyelia pamoja naye, naye amemtukana.

Ijumaa mchana Gonda akagonga mlango, kabeba machungwa.

"Shukrani ya juzuu la tatu," alisema. "Mbona umekaa kama lifti iliyokatika umeme?"

Shunpei akamweleza. Gonda akajikuna shingo.

"Ajabu. Mimi asubuhi nilikwenda kukagua lifti ya mizigo pale dukani kwao. Nikaomba kwenda msalani. Karatasi ilikuwa imeisha. Nikaona kule stoo katoni kubwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu 'Karatasi za choo, tafadhali usiguse'. Nikagusa, bwana, nilikuwa na shida. Mle ndani vyura watupu. Wale wale wako wenye kofia. Dada yule mwenye penseli akanikuta, akaniapisha nisimwambie meneja."

Shunpei aliinuka taratibu.

"Hakuwarudisha?"

"Gari la msambazaji lilishaondoka. Kawaficha. Kasema akipata hata siku mbili zaidi, huenda..." Gonda alimtazama usoni. "Sasa unalia nini?"

"Mimi ni mpumbavu, Gonda."

"Hilo silipingi. Pokea machungwa."

Shunpei aliyatazama yale machungwa. Akatazama biskuti, taulo, ile figili. Akamtazama tena Gonda.

"Rudi nayo," alisema.

"Nini? Unanikatalia shukrani? Nimekukosea nini?"

"Sikukatalii. Naibadilisha. Ukitaka kunishukuru, kesho nenda kwa dada wa aproni ya kijani, kaunta ya pili, ukanunue juzuu la tatu."

"Lakini nimeshasoma."

"Ndiyo maana."

Gonda alifikiri muda mrefu, kama lifti ya zamani inayopanda. Kisha akasema, "Halafu nitakuwa na yangu mwenyewe? Ya kutunza?"

"Isiguswe hata na vumbi."

Jioni ile Shunpei alizunguka mtaa mzima. Kwa mtu wa aina yake ilikuwa afadhali kushuka shimo la lifti bila kamba. Kumrudishia mtu shukrani yake! Alibeba mifuko kila mkono, akainama kila mlango mpaka mgongo ukalia. "Kinyozi, biskuti zako hizi hapa, nakuomba unisamehe, shukrani yangu iwe hivi." "Mama, taulo ni nzuri mno kwangu." Wengine walikunja uso kwanza. Lakini wakishaelewa, hakuna aliyekataa. Nani alale na deni la shukrani shingoni? Na kusema ukweli, nani asingetaka kujua kama wale vyura waliobaki watafika?

Jumamosi, duka lilipofunguliwa, Kozue alikuwa kaunta ya pili, macho yamevimba, akipanga risiti. Akasikia mtu anakohoa. Akainua kichwa. Alikuwa Gonda, kavaa suti ya harusi ya kaka yake, inambana.

"Juzuu la tatu la *Stesheni ya Vyura*, tafadhali."

Nyuma yake kinyozi. Nyuma ya kinyozi daktari wa meno, mama mwenye nyumba, mwangalizi wa hamamu na wajukuu zake. Foleni ilitoka nje, ikapita mbele ya duka langu, ikakata kona, ikafika stesheni, na treni mbili zilisimama madereva waulize kuna nini. Naapa.

Meneja Murai akaja mbio. "Takehara! Hawa wanataka kitabu gani?"

"Kile ulichosema nirudishe, meneja."

"Mungu wangu! Na tumeshakirudisha!"

Kozue aliweka risiti chini. Akaenda stoo, akarudi anaiburuta katoni, maandishi mekundu yanasomeka mpaka mwisho wa duka.

"Tangu lini tunauza karatasi za choo?" meneja aliuliza.

"Tangu juzi," alisema Kozue, akaikata gundi.

Meneja Murai alimtazama, akawatazama wateja, akavua miwani, akaipangusa. "Iandike upya ile kadi," alisema. "Kubwa zaidi. Nami nitapiga simu waongeze." Mpaka mchana picha ya kadi na foleni ilikuwa imezunguka kwenye simu za wauza vitabu wa miji mingine, na wao wakaanza kuandika kadi zao.

Mwisho kabisa wa foleni alisimama kijana mrefu. Safari hii shati limepigwa pasi pande zote mbili.

"Zimeisha, bwana mkopeshaji," Kozue alisema bila kumtazama.

"Sikuja kununua. Nimekuja kuchukua kitu nilichokuachia."

"Kitu gani?"

"Maneno yangu ya Alhamisi. Nayaomba. Sikustahili kuyatoa, nawe hukustahili kuyapokea." Akainama, na hakuinuka. "Nisamehe, Kozue."

"Hata mimi niliyatoa," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuita... sikumbuki nilikuita nini, lakini kilikuwa kibaya."

"Kilikuwa cha kweli."

"Inuka, damu itakujaa kichwani, na humo nafasi ni ndogo."

Akainuka. Akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa karatasi. "Ukirudishiwa, unatoa shukrani."

Ilikuwa penseli. Nyekundu, ya kung'aa, ncha haijachongwa. Kozue aliitazama, akatoa ile ya zamani nywele zikamwagika, akazikusanya tena na kuzichoma kwa ile mpya. Kisha akashusha pumzi moja ndefu, na Gonda, aliyekuwa bado kasimama mlangoni na kitabu chake kifuani, akapiga makofi peke yake.

Majuma yalipita ya kusubiri uamuzi wa mchapishaji. Wote wawili hawakulitaja jambo hilo, kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Mpaka mchana mmoja Shunpei alikuwa ndani ya lifti aliyokuwa akiipima, katikati ya ghorofa ya nne na ya tano, simu ikalia kwa kukwaruza.

"Shunpei! La nne... wame..."

"Wamefanya nini? Sikusikii! Kozue! Wamefunga?"

"...wame... mpaka mchoraji mwenyewe aseme basi... la nne, la tano... wakati wa kuchanua plamu..."

"Linatoka?"

"LINATOKA!"

Alikaa chini kwenye sakafu ya lifti. Wenye jengo walibonyeza kitufe mpaka wakachoka, walipofungua mlango walimkuta fundi amejiinamia, anacheka na kulia, anasema, "Wanaendelea kusubiri. Hawakufukuzwa. Wanaendelea kusubiri."

Miti ya plamu ikachanua. Siku juzuu la nne lilipotoka, Shunpei alikuwa wa kwanza mlangoni, na baridi ilikuwa bado inauma masikio.

"Nakala ngapi, bwana?" Kozue aliuliza kwa sauti ya kazi.

"Tatu. Ya kusoma, ya kutunza, ya..." Akasita.

"Ya?"

"Na wewe umejiwekea ngapi?"

"Tatu. Umeniambukiza."

Shunpei alihesabu kwa vidole. "Jumla sita. Ni nyingi kwa watu wawili. Kama... kama rafu ingekuwa moja, na nyumba ikawa moja, nakala tatu zingetutosha."

Kozue aliweka vitabu chini.

"Hiyo ni posa au hesabu ya rafu?"

"Vyote viwili."

"Mh." Akachomoa penseli nyekundu, akaandika kitu nyuma ya risiti, akamkabidhi. Kilikuwa kimoja tu: tiketi ya kuchorwa kwa mkono, *Kwenda baharini, watu wawili.*

"Ila ya kuazima tunaifungia kabatini," alisema. "Ufunguo nakaa nao mimi."

Ndivyo walivyooana, na hadi leo wapo, nyumba ya tatu kutoka kwa kinyozi. Naye Kozue hakusubiri kubembelezwa siku ile. Alijiandikia safari yake mwenyewe, kama yule mama mkuu wa stesheni, baada ya miaka yote ya kuwakatia wengine, alipofunga dirisha, akajikatia tiketi, akatoka na sanduku lake...

"Babu Hatanaka."

Nikageuka. Mlangoni pa hamamu, upande wa wanawake, alisimama Kozue na taulo begani, penseli nyekundu kichwani. Nyuma yake Shunpei ameshika beseni la wote wawili.

"Naam, mwanangu?"

"Mama mkuu wa stesheni anajikatia tiketi katika juzuu la tano. Juzuu la tano limetoka leo asubuhi."

"Ah. Nimesikia watu wakisema."

"Nani? Nimeuza moja tu kabla hatujafungua rasmi, kwa mzee mmoja aliyevaa barakoa, kofia na miwani ya jua, ndani ya mvua."

"Na aliyebeba mwavuli wa dukani kwenu," Shunpei aliongeza. "Babu, ile figili ilikuwa na uchungu, lakini tulikula."

Benchi zima likanigeukia. Kinyozi alikuwa na macho ya mtu aliyeibiwa. "Umenimalizia hadithi! Mimi niko juzuu la nne!"

Niliapa tena kwa yale meno manne. Hayakuniokoa. Wamekwenda kuvaa viatu, nami nimewatangulia kwa mwuza mkunga kuagiza mabakuli makubwa, na supu za maini, watu tisa pamoja na Gonda, ambaye hata hakuwepo.

Lakini foleni ilifika stesheni. Hilo hamnitoi.